Sura ya Saba: Mita Tatu za Nyumbani

Ukimwona mtu amesimama juu ya kichuguu pembezoni mwa Kenani, simu kainyanyua juu ya kichwa, usidhani anamtafuta mbuzi aliyepotea. Anatafuta mtandao. Vichuguu vya ukanda huu wa Luapula na Katanga si vile vya kujikwaa njiani. Vipo vinavyofika mita 8 kwenda juu na mita 15 kwa upana, miti imeota mgongoni mwake, na vingine vimesimama kwa mamia ya miaka. Mchwa walimaliza kujenga minara yao kabla kampuni yoyote ya simu haijasajiliwa.

Kenani ipo wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, upande wa mashariki wa Ziwa Mweru. Mwaka 2017, mapigano yalipowaka Haut-Katanga na Tanganyika ng'ambo ya mpaka, maelfu ya Wakongomani walivuka, na hapo serikali ya Zambia pamoja na UNHCR wakafungua kituo cha kuwapokea. Mwaka uliofuata familia zikaanza kuhamishiwa Mantapala, wilaya hiyohiyo, zikapewa viwanja vya kujenga na ardhi ya kulima. Watu walikuja na Kiswahili chao cha Katanga, Kibemba, Kifaransa cha shuleni, na simu. Kwa aliyeacha nusu ya ukoo Pweto au Moba kule Kongo, mtandao si anasa ya kutazamia video. Ndio njia ya kujua nani yu hai.

Sura zilizopita zilieleza jinsi intaneti inavyofika wilayani: nyaya za mwanga, minara, setelaiti. Hii inahusu kipande cha mwisho, kile cha kutoka mnarani hadi kwenye ukuta wa nyumba. Ni kipande kifupi kuliko vyote na ndicho kinachoharibiwa zaidi. Hoja yangu ni kwamba fedha ya kurefusha mnara kwa mita 10 mara nyingi ingefanya kazi kubwa kuliko hiyo kama ingegawanywa mita tatu tatu za bomba la antena kwa nyumba za wateja. Wenye minara hawapendi kuisikia, maana mnara huonekana kwenye picha ya uzinduzi na bomba la mteja halionekani.

Kwamba urefu husaidia, hilo si jipya. Guglielmo Marconi aliligundua mwaka 1895 nyumbani kwao karibu na Bologna, Italia: alipoinua waya wake juu na kuuzika ule mwingine ardhini, mawimbi yalivuka kilima. Kwetu somo hilo lilifundishwa na televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi miaka ya 1990. Mtu wa Dar es Salaam mwenye runinga na hamu ya kuiona Zanzibar, kilomita zaidi ya 70 kuvuka bahari, alijua la kufanya: bomba refu, antena yenye vijiti vingi, na kijana wa kuligeuza huku mtu wa ndani anapiga kelele dirishani, "Hapo hapo! Rudisha kidogo!"

Mjapani Yoshihisa Okumura alilipa jambo hilo namba. Katika miaka ya 1960 alizunguka Tokyo na vitongoji vyake akipima mawimbi ya redio, na matokeo yake, yaliyochapishwa 1968, yaliwaongoza wahandisi wa simu kwa miongo mingi. Antena ya mpokeaji aliichukulia kuwa mita 3 kutoka ardhini. Ukiipandisha kutoka 3 hadi 6, nguvu inayopokewa huongezeka kwa desibeli 6, yaani mara nne. Vipimo vyake vilihusu masafa ya chini ya gigahezi 2, na Tokyo haina miembe ya Luapula. Ila ukitafakari kwamba kuipata mara nne hiyohiyo kwa kuongeza nguvu ya mtambo kungehitaji mtambo mkubwa mara nne, umeme mara nne na pengine kibali kipya, bomba la chuma linaanza kuonekana rahisi.

Sasa tuje kwenye mwembe.

Chukua nyumba iliyo kilomita 3 kutoka kwenye mnara wa mita 30. Antena imefungwa chini ya ukingo wa paa, mita 3 kutoka ardhini. Mita 50 mbele ya nyumba, upande uleule wa mnara, pana mwembe mchanga wa mita 5. Mstari wa kutoka antena hadi kilele cha mnara unapita pale kwenye mwembe kwa urefu wa mita 3 na nusu hivi, katikati ya majani. Mteja analalamika. Kampuni inasema itaurefusha mnara. Hesabu sasa: mnara ukipandishwa mita 10 nzima, mstari pale kwenye mwembe unapanda sentimita 17 tu. Haifiki hata shubiri! Lakini ukiiinua antena ya nyumbani mita 3, mstari pale pale unapanda karibu mita 3 kamili na kupita juu ya mwembe. Kizuizi kilicho karibu na mtu huondolewa na mtu huyo, na vizuizi vingi viko karibu na nyumba, si karibu na mnara, kwa sababu mnara hujengwa mahali palipofyekwa na nyumba hujengwa penye kivuli.

Haitoshi mstari kupita ukigusa majani. Mawimbi ya redio hayasafiri kama uzi uliovutwa. Yanahitaji nafasi pembeni, nyembamba kwenye ncha mbili na nene katikati ya safari. Nafasi hiyo imepewa jina la Augustin Fresnel, Mfaransa aliyechunguza mwanga mwanzoni mwa karne ya 19 na kufariki 1827, kabla redio haijawa hata ndoto. Kwa masafa ya gigahezi 5.8, yanayotumiwa sana na mitandao ya majumbani, nafasi hiyo katikati ya safari yetu ya kilomita 3 ina nusu kipenyo cha mita 6 na kidogo, na pale kwenye mwembe ni mita 1.6. Mafundi huridhika ikiwa asilimia 60 yake iko wazi. Kwa hiyo pale kwenye mwembe unahitaji mita moja ya anga juu ya majani ya mwisho. Antena ya mita 6 inaipata. Na mwembe mchanga hauachi kukua, basi fundi mwenye akili huacha nafasi ya miaka kadhaa mbele.

Majani yenyewe ni adui wa pekee katika masafa haya. Kuta za matofali mabichi angalau hazibadiliki, jani hubadilika. Mwezi Septemba antena inayochungulia kupitia matawi inaweza kufanya kazi vizuri kabisa, mteja akasaini karatasi, fundi akaondoka. Novemba mvua zinaanza, na Luapula hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Majani yameshiba maji, na maji hunywa mawimbi. Simu za malalamiko zinazofuatana na mvua ya kwanza hutokana na fundi aliyefunga antena kiangazi.

Mtu wa mjini atasema: kata mti. Huyo hajawahi kuomba ruhusa ya kukata mwembe kwa mama mwenye watoto. Mazungumzo yenyewe hayana urefu. "Mama, tukipunguza tawi hili..." "Papa, hili tawi ndilo linalozaa." Basi. Mwembe hulisha watoto miezi ambayo ghala halina kitu, na kivuli chake ndicho sebule. Kwa mwembe mkubwa wa mita 10 au zaidi, hata bomba refu halitoshi, na dawa yake ni kwenda pembeni kabla ya kwenda juu: hatua kumi kushoto, nyuma ya jiko, mahali ambapo mnara unaonekana kati ya miti miwili. Fundi anayeshuka kwenye pikipiki na kwenda moja kwa moja kwenye ukuta, bila kuuzunguka uwanja, ameshaharibu nusu ya kazi.

Kwenye nyumba ya bati na matofali ya kuchoma, bomba hufungwa ukutani kwa klampu mbili, na kadiri klampu zinavyoachana ndivyo bomba linavyotulia. Nyumba nyingi za Mantapala na vijiji vinavyoizunguka ni za matofali mabichi na paa la nyasi. Ukuta wa udongo hauwezi kushika bolti, na paa la nyasi halibebi chochote. Hapo mlingoti husimama wenyewe ardhini, kando ya nyumba. Bomba la duka la vifaa vya ujenzi huja na urefu wa mita 6. Ukizika mita moja hubaki tano, na watu wengi huisahau hesabu hiyo ya kutoa. Wengine hutumia mti wa mkaratusi, ambao ni rahisi na mrefu, ila mchwa walewale waliojenga minara wanaufahamu. Sehemu ya kuzikwa hupakwa oili chafu ya gereji, na hata hivyo mwaka wa tatu ni vizuri kuutikisa. Mianzi haifai kwa antena inayotazama mbali: upepo wa ziwani huipinda, na antena yenye mwale mwembamba ikigeuka digrii chache humpoteza mwenzake. Juu ya mita 6 hakuna ujanja, mlingoti unataka waya tatu za kuukaza, zimefungwa pande tatu, mbali na njia ya watoto na ng'ombe.

Na kichuguu je? Kikiwa ndani ya kiwanja na hakina mteremko wa kutisha, ni mlingoti wa mita 4 au 5 uliokwisha lipiwa. Bomba fupi kileleni, waya umezikwa kwenye mfereji mdogo hadi nyumbani.

Zamani urefu ulikuwa na kodi yake. Redio ilikaa ndani ya nyumba, antena juu, na kati yao waya mnene wa antena uliokuwa ukimeza mawimbi njiani. Waya mwembamba wa bei nafuu, ule uitwao RG-58, hupoteza takriban desibeli moja kwa kila mita katika gigahezi 2.4. Ukipanda mita 10, sehemu tisa kati ya kumi za nguvu zimebaki kwenye waya. Umepanda ili upate na waya umekunyang'anya. Leo redio na antena ni kitu kimoja, kinafungwa kileleni, na kinachoshuka ni waya wa mtandao unaobeba data pamoja na umeme. Waya huo huruhusiwa hadi mita 100 bila data kupotea njiani. Badiliko hilo dogo la kiufundi ndilo lililofanya mlingoti wa mteja uwe na maana, lakini bado wapo wanaofunga antena chini kwa mazoea ya waya wa zamani.

Wapo waliokwisha pita njia hii. Macha, kusini mwa Zambia, wanakijiji na watu wa hospitali ya misheni walijenga mtandao wao wa redio, LinkNet, miaka ya 2000, wakiunganisha majengo na nyumba kwenye ungo mmoja wa setelaiti. Kaskazini mwa Uganda, mradi wa BOSCO chini ya Jimbo Kuu la Gulu ulianza 2007 kuunganisha kambi za waliohamishwa na vita vya waasi wa LRA, kwa Wi-Fi ya masafa marefu na kompyuta za umeme wa jua. Kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, mashirika ya misaada yaliunganishwa kwa viungo vya redio mwanzoni mwa miaka ya 2010. Na kisiwani Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, mtandao wa Pamoja Net ulianza 2016. Wanaoiona Kenani kuwa ni mahali pasipowezekana waangalie orodha hiyo: kambi tayari imo, kijiji kimo, kisiwa kimo.

Linalonishangaza ni kwamba mlingoti wa mteja huhesabiwa kuwa gharama ya mteja, wakati faida yake ni ya mtaa mzima. Mtambo ulio mnarani huzungumza na nyumba zote kwa zamu, kwa masafa yaleyale. Nyumba inayopata mawimbi yenye nguvu huhudumiwa kwa kasi, tuseme megabiti 60 kwa sekunde, na zamu yake kwisha. Nyumba yenye antena iliyozama kwenye majani husikika kwa shida, hivyo mtambo hushuka hadi megabiti 6, na faili lilelile huchukua muda mara kumi. Ni kama foleni ya kisimani na mmoja kaja na chupa yenye mdomo mwembamba: maji yapo, pampu ni nzima, na wote nyuma yake wanasimama. Kampuni inayokataa kulipia bomba la nyumba moja inawapunguzia kasi wateja ishirini, kisha inatumia fedha nyingi kuongeza mtambo mwingine mnarani.

Sababu ya antena kuachwa kwenye majani ni malipo ya fundi. Anayelipwa kwa idadi ya nyumba hufunga pale ngazi inapofika, hutazama kama taa imewaka, huondoka. Taa huwaka hata kwa mawimbi dhaifu. Kipimo halisi ni nguvu ya mawimbi kwa desibeli, namba yenye alama ya kutoa: kati ya -80 na -70 pana tofauti ya mara kumi ya nguvu, na -60 ni mara kumi tena. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi ya mteja, pamoja na urefu wa antena, ili mwakani ijulikane kama mti umekua au fundi alidanganya.

Urefu una hatari zake, na hapa sitanii. Milima ya mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, na Luapula nayo haiko salama msimu wa mvua. Bomba lililo juu kuliko kila kitu kiwanjani lazima liwe na waya mnene wa shaba unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye fimbo iliyopigwa ardhini, ikiwezekana penye unyevu. Radi ikianza kunguruma, waya wa mtandao uchomolewe kwenye ruta, maana ndio unaoileta ndani hadi kwenye simu ya mtoto iliyo kwenye chaji. Pia nyaya za umeme za ZESCO: mlingoti wa mita 6 usisimamishwe popote ambapo ukianguka utazigusa. Bomba linaloponyoka mikononi na kugusa nyaya huua, na anayekufa anaweza kuwa msaidizi aliyeshika chini.

Ungo wa Starlink, uliofika Zambia 2023, haujafuta habari hii. Hauhitaji mnara, lakini unahitaji anga tupu, na chini ya mwembe hukatika kila setelaiti inapopita nyuma ya tawi. Kwa bei yake, katika makazi kama haya ungo mmoja utahudumia nyumba nyingi, na kutoka kwenye ungo huo hadi nyumbani tunarudi kwenye antena ndogo na bomba.

Limebaki ziwa, na ziwa linageuza karibu yote niliyosema.

Kwanza umbali. Kutoka Nchelenge hadi ng'ambo ya Kongo ni kama kilomita 40 za maji, na hakuna mti hata mmoja. Ungedhani ni rahisi. Lakini dunia ni mviringo, na kwa umbali huo maji ya katikati yanajivimbisha kwa zaidi ya mita 23 juu ya mstari. Ongeza nafasi ya Fresnel, unahitaji karibu mita 37 kila upande. Hilo si bomba la mteja tena, na linavuka mpaka, hivyo lina ofisi mbili za udhibiti wa mawasiliano za kubisha hodi, ZICTA ya Lusaka na ARPTC ya Kinshasa. Waliofika mbali zaidi walitegemea milima: mwaka 2007, nchini Venezuela, Ermanno Pietrosemoli alituma data kwa Wi-Fi umbali wa kilomita 382, kutoka kilele cha Andes. Mweru haina Andes.

Karibu na ufuko tatizo ni jingine, na hapa ndipo kanuni ya "juu zaidi ni bora zaidi" huvunjika. Tuseme mnara una mita 30 juu ya maji, na nyumba ya mvuvi iko kilomita 5 kuvuka ghuba. Antena yake hupokea mawimbi mawili: moja limekuja moja kwa moja, jingine limegonga maji na kudunda. Yakifika pamoja yakiwa yamepatana, yanaongezana. Yakipishana, yanauana. Kwa gigahezi 5.8 na vipimo hivyo, antena iliyo mita 4.3 juu ya maji iko kaburini. Ukiipandisha hadi 6.5 inafufuka kwa nguvu kamili, na fundi anajipongeza. Akiamua kumpa mteja zawadi ya mita mbili zaidi, hadi 8.6, inakufa tena. Mawimbi ya ziwani hayasaidii kuvuruga mdundo huo, kwa sababu redio inayaparuza maji kwa pembe ndogo mno. Hata mawimbi ya nusu mita huonekana kwake kuwa kioo.

Dawa mojawapo ni kuirudisha antena nyuma ya ukingo wa ufuko, ili mchanga na matete vizibe mdundo huku mnara bado unaonekana. Nyingine ni subira: msaidizi anasoma namba chini, fundi anateremsha antena nusu mita nusu mita kwenye bomba, na anaweka alama ya rangi pale namba inapokuwa bora. Hata alama hiyo haidumu, kwa kuwa vipimo vyote ni kutoka kwenye maji, na maji ya Mweru mwisho wa mvua hayapo pale yalipokuwa mwisho wa kiangazi. Kwa hiyo kwenye nyumba za ufukweni antena hufungwa kwa klampu inayolegea kwa spana moja, na bomba huachwa na mita nzima ya ziada juu ya alama.